Mfupa wa shavu uliopunguzwa ukashuka: nipasuliwe tena?

Msomaji wa Uyole, Mbeya, ameniandikia. Nimeifupisha barua yake na kuondoa yanayoweza kumtambulisha:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 33. Nikiwa masomoni Korea Kusini nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mifupa ya mashavu kwenye kliniki moja ya Seoul, maana tangu utotoni nilitaniwa kwa uso mpana. Sasa ni miezi 14. Shavu la kushoto limekaa chini kuliko la kulia. Nikitafuna kitu kigumu kama kande au mahindi ya kuchoma, nasikia 'ta' karibu na sikio na panauma. Upande wa kulia hauumi, ila nyama imelegea, na pana mkunjo kutoka puani hadi mdomoni ambao haukuwepo. Baridi ikizidi mashavu yote yanauma. Kliniki wanasema nirudi wanitazame, nauli sina. Rafiki yangu mwenye saluni Mwanjelwa ananiambia kuna mtu anachoma sindano za kujazia, nitakuwa sawa. Mama anasema niache, nisije nikaharibu zaidi. Je, upasuaji wa kurekebisha unawezekana? Unaweza kufanyika hapa nchini?"

Marahaba, mdogo wangu. Unawezekana, na hapahapa nchini wapo wa kuufanya. Ila kuna jambo katika barua yako ambalo huenda mwenyewe hujaliona. Unayasema mashavu yako kama yana tatizo moja, kumbe dalili za kushoto na za kulia hazifanani hata kidogo. Kushoto kuna mlio, kuna maumivu ya kutafuna, kuna kushuka, na hizo ni dalili zinazonipeleka kwenye mfupa. Kulia hakuumi wala hakulii, nyama tu imelegea. Ukikutana na mpasuaji anayekuahidi kurekebisha yote kwa mkupuo mmoja kabla hajaona picha ya ndani, mshukuru, chukua mkoba wako, nenda zako.

Kwanza tuelewane ulifanyiwa nini Seoul. Wengi hudhani mfupa husuguliwa ukapungua. Kusugua kupo, lakini hakupunguzi upana wa uso, kwa sababu upana unatokana na upinde mwembamba wa mfupa unaotoka shavuni kwenda mbele ya sikio, na upinde huo hauna unene wa kusuguliwa. Kwa hiyo hukatwa. Wapasuaji wa Japani waliueleza upasuaji huu katika jarida la kitaalamu mwaka 1983, kisha ukashamiri Korea Kusini. Mpasuaji hupita ndani ya mdomo, juu ya ufizi wa meno ya juu, akaufikia mfupa wa shavu kwa mbele na kuukata kwa umbo la herufi L. Mara nyingi anaondoa hapo kipande cha milimita chache. Halafu anapasua kidogo kwenye nywele za panja na kuukata ule upinde kwa nyuma. Mfupa wa shavu ukishakuwa huru mbele na nyuma, anausukuma ndani, kisha anaufunga kwa vibati na skrubu za titani. Mbele vibati huwekwa karibu kila mara. Nyuma, kwenye upinde, wapo wanaoweka na wapo wasioweka, wakitegemea mfupa utajishikiza wenyewe.

Sasa weka vidole vyako shavuni, chini ya mfupa, kisha ubane meno kwa nguvu. Utahisi kitu kinatuna. Huo ni msuli wa kutafunia, na una nguvu kuliko unavyodhani. Juu umejishika kwenye ukingo wa chini wa mfupa uleule uliokatwa, chini umejishika kwenye taya. Kila unapotafuna, msuli huo unauvuta mfupa wa shavu kuelekea chini. Mfupa wa uso unahitaji kama wiki sita hadi nane ndipo ushikane kwa maana ya kushikana. Kama vibati vilikuwa vichache, au skrubu ilishika mfupa mwembamba ikalegea, au mgonjwa alirudia vyakula vigumu mapema, mfupa huteremka kidogo kidogo kabla haujaunga. Ule mwanya unajaa nyama ngumu ya kovu badala ya mfupa. Kwa nje mtu anaona shavu moja limeshuka. Kwa ndani kuna vipande viwili vinavyochezacheza kila anapotafuna.

Hapa Nyanda za Juu Kusini mfupa huu tunaujua vizuri, kwa njia nyingine tu. Ni bodaboda. Kijana anaanguka kwenye lami, uso unavimba, anakaa nyumbani akisubiri uvimbe upungue. Anakuja baada ya miezi miwili shavu limezama na mdomo haufunguki. Tunachomfanyia kijana huyo, yaani kuufungua mfupa ulioungia pabaya, kuurudisha na kuufunga upya, ndicho kiini cha upasuaji unaouulizia wewe. Mfupa haujui kama ulikatwa na msumeno wa Seoul au ulivunjwa na barabara ya Uyole. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Tanzania hakuna anayeweza kugusa kazi hiyo, msamehe. Tofauti iliyopo ni kwamba daktari wako wa huku hakuona mfupa wako ulivyokuwa kabla, na kwamba wewe una kipande kilichoondolewa kabisa. Hayo nitayarudia.

Kabla hujaenda popote kuna mambo unaweza kuyaangalia mwenyewe mbele ya kioo. Si vipimo vya kukata shauri, ila vinasaidia kujua uanze na nini.

Jaribu kuingiza vidole vitatu vya mkono wako, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima kwa kawaida vinaingia. Vikiingia viwili tu, na kabla ya upasuaji vilikuwa vinaingia vitatu, inawezekana upinde umezama mno mpaka unagusana na ncha ya juu ya taya la chini, ambayo hupita ndani yake kila unapofungua mdomo. Hilo la kufungua mdomo hukuliandika, na ningependa kulijua.

Kisha mlio. Hapa kuwa mwangalifu, kwa sababu watu wengi ambao hawajawahi kupasuliwa popote wana mlio karibu na sikio, na unatoka kwenye kiungo cha taya. Weka kidole mbele kabisa ya tundu la sikio, fungua na funga mdomo bila chakula. Kama unalia hapohapo hata mdomo ukiwa mtupu, kiungo cha taya ndicho mshukiwa wa kwanza, na mfupa wako huenda umeunga salama. Kama mdomo mtupu haulii, na mlio unakuja pale tu unapobana kitu kigumu, ukiambatana na maumivu ya shavu lenyewe, basi mshukiwa ni mfupa. Pitisha pia kidole polepole juu ya upinde kutoka shavuni hadi sikioni, pande zote mbili. Ngazi au kishimo upande mmoja ni habari ya kumwambia daktari. Usibonyeze kwa nguvu kuthibitisha. Nimeona watu wanavyojibonyeza.

Halafu lala chali, mtu akupige picha kutoka juu, na nyingine ukiwa umekaa. Kulegea kwa nyama hupungua sana ukilala, kwa sababu uzito wa nyama unarudi nyuma. Mfupa uliohama hauendi popote ukilala. Nina hakika kiasi kwamba mkunjo wako wa kulia utapungua kwenye picha ya kulala, na tofauti ya kushoto itabaki.

Mwisho inua nyusi zote mbili, halafu gusa mdomo wa juu na pembeni mwa pua kwa pamba. Nyusi moja isiyopanda inaonyesha tawi la mshipa wa fahamu linalokatiza juu ya upinde liliguswa. Ganzi ya mdomo wa juu inaonyesha mshipa unaotokea chini ya jicho. Mishipa hii mara nyingi hurudi ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka. Kwako imeshapita miezi 14, kwa hiyo kama bado pana ganzi usitarajie itapungua sana sasa. Mpasuaji wa pili lazima aiandike kabla hajagusa kitu, vinginevyo baadaye hamtajua ni nani aliyeileta.

Sasa kipimo chenyewe. Unahitaji CT skani ya uso, yaani picha ya mionzi inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Eksirei ya kawaida haitoshi, mifupa ya uso inapandiana na vibati vinafunika mwanya unaoutafuta. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina mashine, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar kwa ajili ya picha. Mwombe daktari aandike waziwazi kwamba anataka vipande vyembamba, vya milimita 1 au pungufu, kwa ajili ya mfupa, na picha za pande tatu. Wakikupa ripoti ya karatasi na filamu mbili, usiondoke. Omba picha zote kwenye CD au flashi. Mpasuaji hapangi kazi kwa kusoma ripoti ya mwenzake, anaizungusha picha mwenyewe kwenye kompyuta, anapima umbali wa kulia na kushoto. Kama unahisi una ujauzito, sema kabla hujaingia chumba cha mashine.

Na andikia kliniki ya Seoul leo, si kwa ugomvi. Omba nakala ya taarifa ya upasuaji na CT mbili, ya kabla na ya baada. Ile ya kabla ina thamani kuliko zote kwa sababu ndiyo ramani ya mfupa wako ulivyozaliwa nao. Sheria ya Korea Kusini inawataka watunze taarifa za upasuaji kwa miaka 10, na picha za mionzi kwa miaka 5, kwa hiyo zipo. Uliza pia vibati viliwekwa wapi, vingapi, na kama kwenye upinde viliwekwa. Nchi hiyo ina taasisi ya kusuluhisha migogoro ya matibabu iliyoanza mwaka 2012, hata mgeni anaweza kuifikia, na madai yanatakiwa kupelekwa ndani ya miaka mitatu tangu ujue madhara. Sisemi ulikosewa. Mfupa unaweza kushuka hata kwa mikono mizuri. Nakuambia tu muda upo, ili usije ukaambiwa umepita.

Tuseme CT imeonyesha ninachokishuku, kwamba kushoto mfupa haujaunga au umeungia chini. Upasuaji wa kurekebisha unafanyika ukiwa umelala usingizi kamili. Mpasuaji anapitia makovu yaleyale ya zamani, ndani ya mdomo na kwenye panja, na wakati mwingine, kama mambo yameharibika sana, anafungua kwa mkato wa kichwani ndani ya nywele, kutoka sikio hadi sikio. Anatoa vibati vya zamani. Anasafisha ile nyama ya kovu iliyoziba mwanya, na anachokonoa kingo za mfupa mpaka zitoe damu, kwa sababu mfupa usiotoa damu hauungi. Kama ulishaunga pabaya, anaukata upya. Kisha anaunyanyua juu mpaka ulingane na wa kulia na kuufunga kwa vibati imara zaidi, mbele na nyuma, safari hii upinde nao usiachwe. Pakibaki pengo, linajazwa kwa mfupa wako mwenyewe, uliochukuliwa nyuma ya taya la chini, nyongani, au kwenye ganda la nje la fuvu. Watu husikia "fuvu" wakaruka. Nyonga ndiyo inayouma zaidi siku za mwanzo, kutembea unatembea kwa kuchechemea.

Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia. Kovu limefunika njia, mishipa ya fahamu imeshikamana na kovu, mfupa ni mwembamba, na ukuta wa uwazi ulio ndani ya taya la juu unaweza kupasuka. Hatari ya ganzi na ya nyusi kutopanda ni kubwa kuliko ulivyoambiwa mara ya kwanza. Ulinganifu kamili sikuahidi, hata uso ambao haujawahi kuguswa hauna. Ninachoweza kutarajia kwa mtu wa dalili zako ni kwamba atatafuna bila maumivu, mlio utaisha, na tofauti ya pande mbili itapungua mpaka wewe tu na kioo chako ndio mtakaoijua.

Kuhusu muda, hufai kuharakishwa wala kucheleweshwa. Uvimbe wa ndani huchukua miezi sita hadi mwaka kuisha, ndiyo maana anayelalamikia sura yake mwezi wa pili huambiwa asubiri. Wewe umepita huko. Unachokiona ndicho kilichobaki. Wasiotakiwa kusubiri hata siku moja ni wenye usaha au ladha mbaya mdomoni, kamasi nzito ya tundu moja, homa na uvimbe unaorudi, au mdomo unaozidi kufunga. Likikupata mojawapo usisubiri miadi.

Twende kulia, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna dharura. Ukifupisha nguzo za turubai, turubai halipungui, linaning'inia. Mfupa wa shavu ulipoingizwa ndani, ngozi na mafuta vilibaki vilevile. Zaidi ya hapo, ili mfupa ukatwe, nyama ilibanduliwa kutoka juu yake, na zile nyuzi zinazoishikiza shavuni hazirudi zote mahali pake. Ndipo mkunjo wa puani unapotokea. Tiba zake ni kuivuta nyama juu na kuishikiza upya kupitia panja, au kuhamisha mafuta yako mwenyewe kutoka tumboni au pajani na kuyapanda shavuni. Mafuta mengine hufyonzwa, kwa hiyo huenda yakarudiwa. Lakini usiguse kulia kabla ya kushoto. Kushoto kukinyanyuliwa na kupoa, sura yote inabadilika, na kuna watu ambao hawakuona tena sababu ya kuhangaika na upande wa pili.

Wasomaji wengine wenye tatizo la kinyume, kwamba mashavu yameingizwa mno uso ukawa bapa, kwao mfupa hukatwa na kusogezwa nje ukiwekewa kiraka cha mfupa, au hupandikizwa vipande vya plastiki maalumu vinavyochongwa kwa kufuata CT. Na anayeona hayakupungua vya kutosha, ajiulize mara mbili. Mfupa ulioondolewa haurudishwi, na uliobaki ni mwembamba.

Sasa huyo wa sindano Mwanjelwa. Hapana. Sindano za kujazia zipo za halali, za asidi ya hayaluroniki, na mikononi mwa daktari aliyesomea zina kazi yake. Lakini kuna mishipa ya damu usoni inayowasiliana na ya jicho, na kichomwacho kikiingia humo mtu anaweza kupofuka palepale, hata kwa daktari. Kwako wewe hatari inaongezeka, kwa sababu kovu limehamisha mishipa kutoka inakotarajiwa. Anayechoma chumba cha nyuma cha saluni huenda hajui ndani ya bomba kuna nini, na wapo waliochomwa silikoni au mafuta ambayo hayatoki tena ila kwa kisu. Kisha kumbuka shida yako ya kushoto ni mfupa. Ukijazia juu ya mfupa unaocheza, umeongeza uzito juu yake, mlio uko palepale, na siku ya upasuaji mpasuaji anakutana na uji wa mtu mwingine njiani. Mshukuru rafiki yako kwa nia njema, endelea kusuka kwake.

Mama yako ana haki nusu. Kwa upande wa kulia, kama ungeniambia hakukusumbui sana, ningekaa upande wake. Kwa kushoto simwungi mkono. Mfupa usiounga mwezi wa 14 hauungi wenyewe kwa kusubiri. Si jambo la kuua, unaweza kuishi nalo ukila vyakula laini maisha yako yote, ila una miaka 33. Nenda naye kliniki, amsikie daktari mwenyewe. Akina mama wa huku wakiona picha ya CT wakaonyeshwa mwanya kwa kidole, maneno hubadilika.

Anzia kliniki ya kinywa na meno ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya. Watu hushangaa kuambiwa waende kwa madaktari wa meno, lakini mfupa wa shavu na taya ni eneo la daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, na mabingwa hao hupitia kwanza udaktari wa meno. Kama kazi inazidi, watakupa rufaa ya Muhimbili. Anayesoma hili akiwa Iringa au Njombe aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Kabla hujakubali kulazwa, hakikisha jina la mpasuaji limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize mifupa ya mashavu iliyoungia pabaya amefungua mingapi, iwe ya ajali au ya urembo. Muulize vibati ataweka wapi. Muulize pia atafanya nini akikuta pengo kubwa kuliko alivyotarajia, na ukubaliane naye kabla kuhusu nyonga, usije ukaamka una kidonda usichokijua. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Bima kwa kawaida hazilipii upasuaji wa urembo. Maumivu ya kutafuna na mfupa usiounga ni suala jingine. Mwombe daktari aandike kile alichokiona, kwa maneno ya ugonjwa na kwa ushahidi wa CT, halafu uulize kabla, si baada ya kulazwa.

Baridi uliyoitaja haina uhusiano na kushuka kwa shavu, ndiyo maana unaisikia pande zote mbili. Vibati viko karibu sana na ngozi, na mwezi wa sita na wa saba Uyole si pa mchezo. Watu wenye vyuma usoni hulalamika hivyo hata mfupa ukiwa umeunga vizuri. Funga mtandio, unatosha. Vibati vya kulia vinaweza kutolewa wakati wa upasuaji wa kushoto ikiwa CT itaonyesha mfupa wa upande huo umeshika, maana kazi yao imekwisha. Lakini visipokusumbua vinaweza kubaki miaka yote, havina sumu.

Ukifika siku ya kupasuliwa, andaa jikoni kabla. Wiki sita hakuna kande, hakuna miwa, hakuna mahindi ya kuchoma, hakuna nyama ya kuvutana nayo. Siku za mwanzo ni vya majimaji, uji mwembamba, maziwa, supu. Baadaye ndizi zilizopondwa, viazi vilivyopondwa na mchuzi, parachichi za Rungwe na mayai laini, na ugali mlaini unaomezeka bila kutafuna. Sukutua maji ya chumvi kila baada ya kula, kwa kuwa mshono uko mdomoni. Usipenge kamasi kwa wiki mbili au tatu, na ukipiga chafya ifanye mdomo ukiwa wazi, ili hewa isisukumwe kwenye mwanya wa mfupa. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Kama utapasuliwa Dar, usipange kurudi na basi siku ya tatu ukaja ukirushwarushwa kwenye kona za Kitonga. Tafuta ndugu wa kukaa kwake mpaka daktari aone mshono na picha ya kwanza baada ya upasuaji.

Kwa sasa anza na hilo la vidole vitatu na lile la kidole mbele ya sikio, na uniandikie ulichopata. Kama mlio upo hata mdomo ukiwa mtupu, nitakujibu tofauti kidogo, na huenda CT ikasubiri tukaanza na kiungo cha taya. Wakati huo tafunia kulia.